Kupanda Jiwe la Gangilonga na Kuusoma Mji wa Iringa: Mwongozo Kamili

Jiwe la Gangilonga liko pembezoni mwa mji wa Iringa, upande wa mashariki, juu ya mitaa yenye nyumba kubwa na miti mingi, na kulipanda hakuhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea milima. Anayetembea kwa miguu kutoka katikati ya mji hufika chini yake kwa muda wa nusu saa hivi, na kutoka hapo hadi kileleni ni dakika chache. Kwa sababu ya wepesi huo, wageni wengi hupanda, wakapiga picha tatu nne, wakashuka, wakiwa wameambiwa jambo moja tu: kwamba hapo ndipo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipokuwa akikaa kutafakari. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kurudi na zaidi ya picha, yaani mtu anayetaka kujua anachokitazama akiwa juu, na kushuka salama baada ya kukitazama.

Kwanza, jua unakwenda kuangalia nini

Hatua ya kwanza haifanyiki kwenye jiwe, bali mjini, katika Makumbusho ya Boma la Iringa. Jengo hilo la enzi ya Wajerumani lilitumika kwa miaka mingi kama ofisi za utawala, kisha likakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Tenga saa moja au mbili za asubuhi kulizungukia, kwa sababu mambo utakayoyaona humo ndiyo yatakayokufanya uelewe kinachoonekana kutoka juu. Anayekwenda kwenye jiwe kwanza na makumbusho baadaye hujikuta akitamani kupanda tena.

Iwapo huna nafasi ya kupita Boma, basi angalau shika tarehe nne. Tarehe 17 Agosti 1891, katika eneo la Lugalo, majeshi ya Wahehe yaliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, kwa mikuki zaidi kuliko kwa bunduki. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, wakaiteka ngome ya mawe ya Mkwawa iliyokuwa Kalenga, kilomita kama 15 magharibi ya mji wa leo, lakini mwenyewe wakamkosa. Mwaka 1896, Mkwawa akiwa bado msituni akiendesha vita vya kuvizia, ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi juu ya ukingo wa mlima, na kituo hicho ndicho kilichokua kuwa mji wa Iringa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua kwa risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai.

Ukiziweka tarehe hizo pamoja, utagundua jambo ambalo waongozaji wengi hawalitaji. Wakati Mkwawa anatawala, mji unaouona kutoka Gangilonga haukuwapo. Kama alikaa juu ya jiwe hili katika miaka ya nguvu zake, alichokiona ni miombo, malisho ya ng'ombe, bonde la Ruaha Mdogo na moshi wa vijiji, basi. Na kama aliwahi kulipanda baada ya 1896, alikuwa akiitazama kambi iliyojengwa kwa kusudi la kumwinda yeye. Hata jina la mji lilihamishwa kutoka kwenye ngome yake ya Kalenga. Kwa hiyo mwenye kutaka kuona alichokiona Mkwawa hana budi kuufuta mji kwanza katika fikra zake, kisha kuurudisha sehemu kwa sehemu, na hiyo ndiyo kazi tutakayoifanya tukifika kileleni.

Kuhusu jiwe lenyewe, masimulizi ya Wahehe yanasema kwamba Gangilonga, yaani jiwe linalosema, lilikuwa likimpa Mkwawa habari, na kwamba hapo ndipo alipojua kuwa Wajerumani wanamjia. Hayo ni masimulizi, na yapokelewe hivyo kwa heshima yake. Mwongozaji atakayekutajia mpaka siku na saa ambayo jiwe lilisema, huyo anatia chumvi.

Kuchagua msimu na saa

Iringa ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na msimu wa ukavu kwa miezi iliyobaki. Mwezi Mei na Juni ndio bora kwa maoni yangu, kwa kuwa mvua zimekwisha, majani bado ni ya kijani na hewa ni safi kiasi cha kuona vilima vya mbali. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali kwa kipimo cha Tanzania, kwa sababu mji uko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa juu ya jiwe huongeza makali ya baridi hiyo. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hulifunika bonde kwa ukungu wa rangi ya kahawia, na mtu aliyefuata mandhari anaweza kuvunjika moyo. Wakati wa mvua mandhari huwa mazuri kupita yote pale mawingu yanapofunguka, lakini usipande ikiwa kuna wingu zito au ngurumo hata za mbali, kwa kuwa juu ya jiwe tupu wewe ndiwe utakayekuwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu.

Saa ya kupanda inategemea unachokitaka. Kwa kuwa jiwe liko mashariki na mji uko magharibi yake, asubuhi jua huwa mgongoni mwako na kuuangazia mji wote, hivyo anayetaka kutambua majengo na barabara, au kupiga picha zenye maelezo, afike kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Jioni jua huzama mbele yako, nyuma ya mji, na hapo utapata rangi badala ya maelezo: paa hugeuka kuwa vivuli na vilima vya upande wa Kalenga hujitokeza tabaka juu ya tabaka. Jua huzama Iringa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni hivi, kutegemea mwezi, na giza huingia upesi baada ya hapo. Wengi husifu machweo, nami sibishani nao, lakini kama una nafasi moja tu, chagua asubuhi.

Kufika Iringa, kisha kufika kwenye jiwe

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 500 hivi kwa barabara, na mabasi yanayoondoka alfajiri katika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hufika Iringa mchana au alasiri baada ya safari ya saa nane hadi kumi. Njia hiyo hupita Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Mikumi, ikafuata bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni na kupanda mlima Kitonga kwa kona zake, kwa hiyo omba kiti cha dirishani. Anayetoka Dodoma ana barabara ya lami ya kilomita 260 hivi, na anayetoka Mbeya au Njombe hufuata barabara kuu ya TANZAM, yaani ya Tanzania na Zambia. Mabasi ya mikoani hushushia abiria katika stendi ya Igumbilo, iliyoko bondeni nje ya mji, na kutoka hapo daladala na bajaji hupandisha abiria hadi mjini. Usipange kupanda jiwe siku ile ile ya kuwasili, kwani mabasi huchelewa, na mtu aliyetoka pwani atajikuta akihema kwa sababu ya mwinuko hata akiwa na mwili wenye mazoezi.

Kutoka mjini, chukua bajaji au bodaboda, na hapa kuna jambo dogo linalowapotezea watu muda: Gangilonga pia ni jina la kata. Ukimwambia dereva "Gangilonga" tu, anaweza kukufikisha mtaa mwingine kabisa wa kata hiyo. Mwambie unakwenda kwenye jiwe, patana nauli kabla ya kuondoka, na ikiwa unapanda jioni, patana naye pia arudi kukuchukua saa mliyokubaliana. Nauli ya kusubiriwa ni pesa iliyotumika vizuri.

Anayependelea miguu atafurahia njia, kwa kuwa inapita katika mitaa tulivu yenye miti. Kwa watu mtakaokutana nao njiani, "Kamwene" ni salamu ya Kihehe itakayokufungulia milango mingi kuliko "Habari", na wazee hasa huipokea kwa tabasamu, hata kama maneno yako ya Kihehe yanaishia hapo hapo.

Usiende peke yako

Hili sitalizungushia maneno. Jiwe liko mahali penye vichaka na watu wachache, na wageni wamekuwa wakionywa kwa miaka mingi kuhusu vibaka wanaovizia watu waliobeba simu na kamera. Nendeni wawili au zaidi, na kwa wageni wa mji ni vizuri mmoja awe mwenyeji. Unaweza kumpata mwongozaji kwa kuuliza Boma au katika nyumba ya wageni unakolala, na faida yake haiishii kwenye usalama, kwa maana atakuonyesha upande wa kupandia na kukutajia majina ya vilima. Kubaliana naye malipo mapema, tena kwa uwazi. Kijana atakayejitokeza njiani na kusisitiza kukusindikiza, mshukuru kwa adabu na uendelee na mtu uliyempanga.

Acha hotelini pasipoti, kadi za benki na vito. Beba simu moja na pesa taslimu za noti ndogo, ukitakiwa kulipa ada yoyote, lipa na uombe stakabadhi.

Vya kuvaa na vya kubeba

Viatu ndivyo vinavyoamua. Vaa raba zenye soli laini yenye kushika, si kandambili wala viatu vya ngozi vyenye soli tupu, kwa kuwa uso wa jiwe ni mpana, wenye mteremko, na mahali pengine umelainika kwa nyayo za watu. Chukua sweta au koti la upepo hata kama chini kuna joto, lita moja ya maji kwa kila mtu, kofia, na tochi kwa anayekwenda jioni. Miwani ya mbali, hata ya bei nafuu, itakusaidia sana katika sehemu ya kuusoma mji. Begi liwe la mgongoni ili mikono yote miwili ibaki huru.

Kupanda

Gangilonga ni graniti, kama yalivyo mawe mengine makubwa yanayotapakaa Iringa nzima. Mawe ya aina hii yalijiunda ardhini zamani sana, yakabaki wazi baada ya udongo uliokuwa juu yake kumomonyoka, na huendelea kubambuka tabaka nyembamba kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku. Mambo mawili ya vitendo yanatokana na hilo. La kwanza ni kwamba vipande vinavyoonekana kama ngazi nzuri ya kukanyaga huenda ni maganda yaliyokwisha kuachana na mwamba, hivyo gusa kila kipande kwa mguu kabla ya kukitwika uzito wako. La pili ni kwamba madoa meusi na ya kijivu yaliyo juu ya jiwe ni kuvu na ukoga, ambavyo vikiwa vikavu havina shida, lakini vikilowa huteleza vibaya mno. Baada ya mvua, hata ya nusu saa, subiri jiwe likauke.

Usijaribu kupanda kwa upande wa mbele unaotazama mji. Zunguka hadi upande wenye mteremko wa taratibu, ambako njia iliyokanyagwa inaonekana. Kanyaga kwa wayo mzima badala ya ncha za vidole, inama kidogo mbele, tembea kwa hatua fupi, na pale penye mwinuko mkali usione haya kutumia mikono. Watoto wanaweza kupanda wakishikwa mkono, na mzee mwenye magoti mazima pia, ila asiharakishwe. Mianya ya mawe usiitie mkono bila kuitazama, kwani humo nyuki na nyoka hupata makazi. Mijusi yenye vichwa vyekundu utakayoiona ikitikisa vichwa haina neno.

Ukifika juu, kaa mbali na ukingo. Hakuna uzio, na upepo huvuma kwa ghafla.

Ukiwa juu: kuusoma mji

Keti kwanza, unywe maji, uache pumzi itulie. Kisha geuka uwe umeelekea magharibi, mji ukiwa mbele yako. Watu wengi huanza kwa kutafuta nyumba waliyolala, jambo ambalo si baya, lakini ninashauri uanze na umbo la ardhi. Angalia jinsi mji ulivyokaa juu ya ukingo, na jinsi ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruaha Mdogo upande wa kusini. Huko chini ndiko iliko Ipogolo, na ndiko barabara kuu ya TANZAM inakopita. Sasa fikiria ni kwa nini ofisa wa kijeshi mwaka 1896 alipachagua mahali hapa badala ya kuikalia Kalenga aliyoiteka. Kalenga iko kwenye uwanda, karibu na mto, panapofaa kwa mfalme mwenye mifugo na watu wengi. Juu ya ukingo ni mahali pa mtu anayewaogopa wenyeji wake, panapoonekana kila anayepanda na pasipozungukika kwa urahisi.

Baada ya hapo tafuta kitovu cha mji kwa kutumia miwani ya mbali. Alama nzuri ni mnara wa saa wa Jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, moja ya majengo yanayopendeza zaidi katika mji wa zamani, na karibu yake eneo la Soko Kuu na maduka ya zamani ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Eneo hilo dogo, ambalo unaweza kulivuka kwa miguu kwa robo saa, ndilo Iringa ya kikoloni. Kila kinachotapakaa nje yake, kuelekea Kihesa upande wa kaskazini na Mlandege upande wa magharibi, kimeongezeka baadaye, sehemu kubwa baada ya Uhuru.

Zingatia pia jinsi mji ulivyobadilisha mikono. Tarehe 29 Agosti 1916 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Edward Northey, yaliingia Iringa, na Wajerumani wakaondoka. Makaburi ya askari wa vita hiyo yapo mjini, yakitunzwa vizuri, na humo wamelala watu wa pande zote mbili.

Kisha inua macho kupita mji, uangalie magharibi. Kalenga yenyewe huwezi kuipambanua kwa macho, ila uelekeo wake ndio huo, na mbele zaidi kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ndiko iliko Mlambalasi, alikofia Mkwawa. Ukigeuka kuelekea mashariki, mahali inapotokea barabara ya Morogoro, ndio upande wa Lugalo. Kwa hiyo umekaa katikati ya hadithi nzima: ushindi uko upande mmoja, kuanguka kwa ngome na kifo viko upande wa pili, na mji wa adui uko chini ya miguu yako. Katika mpangilio huo kuna na mambo machungu yasiyosimuliwa sana, kama habari za Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896 na kumwua miezi michache baadaye kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri. Mwulize mwongozaji wako habari hizo, na utajua upesi kama umempata anayejua au anayekariri.

Kwa zoezi hili lote nusu saa inatosha, ingawa mwenye kupenda kukaa atakaa zaidi.

Picha na adabu

Asubuhi piga picha za mji mzima na uache sehemu ya jiwe ionekane mbele ili mtazamaji ajue umesimama wapi. Jioni punguza mwanga wa kamera hadi anga lipate rangi yake, na usisumbuke kutafuta maelezo ya mji uliomo kivulini. Nyumba zilizo chini ya jiwe ni makazi ya watu, kwa hiyo usielekeze lenzi ndefu kwenye nyua zao. Droni inahitaji kibali cha mamlaka husika, na kuirusha bila kibali kunaweza kukuletea matatizo makubwa kuliko thamani ya video yenyewe.

Ukiwakuta watu wakisali au wakiwa katika ukimya, tafuta pembe nyingine ya jiwe na usiwapige picha. Usiandike jina lako kwenye mwamba. Taka zako shuka nazo.

Kushuka, na kuendelea hadi Kalenga

Anza kushuka mapema kuliko moyo unavyotaka. Kwa anayetazama machweo, wakati wa kuinuka ni pale jua linapogusa vilima, si baada ya rangi zote kwisha. Shuka kwa njia ile ile uliyopandia, kwa mshazari badala ya kunyoosha, na penye mteremko mkali kaa kitako ujisogeze. Ajali nyingi za mawe ya namna hii hutokea wakati wa kushuka, watu wakiwa wamechoka na wakiangalia simu.

Kesho yake nenda Kalenga. Daladala za kuelekea huko hupatikana Mlandege, na bajaji ya kukodi itakupeleka na kukusubiri. Katika makumbusho madogo ya huko limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani baada ya kifo chake, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kurudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, aliyelikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Uliza kabla ya kupiga picha ndani ya jengo. Ukitoka, mwombe mhudumu akuonyeshe mabaki ya ukuta wa ngome na makaburi ya ukoo yaliyo karibu. Mwenye siku nzima na gari anaweza kuendelea hadi Mlambalasi, kilomita kama 50 kutoka mjini. Afanye hivyo kabla ya jua kali, na abebe chakula chake.